Kilo Tisa za Nyamizi

Mjinga wa siku ile alikuwa Vitus Lipindi, na alisema hivyo mwenyewe kabla watu hawajapata nafasi ya kumsemea. Mtu wa miaka hamsini na miwili, mkaguzi wa vyombo, mwenye chuma mguuni tangu siku aliyoruka na pikipiki mpaka mtaroni kule Kiberege, anasimama mbele ya mizani, anasoma namba ya uongo, halafu anaiandika kwa mwandiko mzuri. Tena bila kuuliza.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa saba, saa nane na dakika tano mchana, ndani ya ghala la mpunga la Marcelino, mtaa wa Lipangalala. Nje, Ifakara nzima ilikuwa bado barabarani. Wenye mpunga walioombwa kukunja maturubai yao kando ya lami tangu alfajiri walikuwa wanayatandika tena, na watoto walikuwa wanaigiza mlio wa pikipiki kwa midomo. Mbio za mwisho za taji la taifa zilikuwa zimekwisha robo saa iliyopita. Nyamizi Masalu, binti wa Malinyi, alikuwa ameshinda kwa urefu wa tairi moja.

Wa pili na wa tatu walikuwa wameshapimwa. Sasa alikuwa amekaa yeye juu ya pikipiki yake, na pikipiki ilikuwa juu ya mizani.

"Mia moja sabini na tisa," Vitus alisoma.

Nyamizi aligeuza kichwa ndani ya helmeti. "Rudia, anko."

Vitus alisogeza kipimo kwenye mkono wa mizani, akakirudisha, akakisogeza tena. Mkono ulisimama palepale.

"Mia moja sabini na tisa."

Kanuni ilitaka mia moja themanini na tano. Dereva na pikipiki yake pamoja, baada ya mbio, wasipungue hapo. Kanuni yenyewe ilikuwa changa, ilizaliwa mwezi wa tano. Mwanzoni mwa msimu kamati ya ufundi ilibadili ukubwa wa matangi, Nyamizi akashinda. Ikabadili aina ya matairi, akawa wa pili, mbio zilizofuata akashinda. Ndipo ikaja kanuni ya uzito, na kila mtu alijua ilishonwa kwa vipimo vya nani, kwa kuwa dereva mwenye kilo arobaini na saba alikuwa mmoja tu nchi nzima. Nyamizi hakulalamika. Alinunua vipande saba vya risasi, ile ya betri na si ya bunduki, kila kimoja kilo tatu, akavifungia kwenye kisanduku chini ya kiti, Vitus akapiga lakiri. Aliendesha na mzigo huo na akaingia mbio za mwisho na pointi tisini na nane. Lukelo wa Iringa alikuwa na tisini na saba. Atakayemtangulia mwenzake leo ndiye bingwa.

"Asubuhi ulipima mia themanini na nane," Vitus alisema.

"Ulinipima wewe."

"Mimi mwenyewe. Kilo tisa umezipeleka wapi, mwanangu?"

"Unaniuliza mimi? Mwenye mizani ni wewe."

Walikagua lakiri. Nzima. Walifungua kisanduku mbele ya Mwanasha, katibu wa chama. Vipande saba vilikuwamo, vimelala kama samaki kwenye beseni. Risasi ilikuwapo yote, na kilo tisa hazikuwapo.

Taarifa ilipelekwa kwenye hema la kamati, hatua thelathini nje ya mlango. Mwenyekiti wa kamati ya ufundi, Mzee Fidelis, hakuingia ghalani. Tangu asubuhi alikuwa amesema kifua chake hakipatani na vumbi la mpunga. Alituma jibu kwa maandishi, na Mwanasha akalisoma mlangoni: dereva alivaa mchanga au maji ndani ya nguo wakati wa kupima asubuhi, kisha akavitoa. Afutwe kwenye matokeo. Afungiwe miaka miwili.

Nyamizi alishuka kwenye pikipiki. Aliisukuma pembeni, akarudi, akaketi katikati ya sahani ya mizani na ovaroli yake ya ngozi, glovu na helmeti.

"Mwambieni sitoki hapa mpaka nipimwe tena mbele ya watu," alisema. "Na sivui kitu. Wala maji sinywi. Nisije nikaambiwa kilo nimezirudishia kwenye chupa."

"Utaiva humo ndani," Mwanasha alimwambia.

"Niive. Mkija kunipakua mtanikuta."

Ndani ya hema palikuwa na meza moja, viti vitano na upepo uliotaka kubeba kila karatasi. Kitabu cha kanuni kilikuwa na viraka vya mabadiliko vilivyobanwa kwa pini, na juu yake Mzee Fidelis alikuwa ameweka kipande cha chuma cha duara, chenye pengo ukingoni kama jino lililong'oka.

"Ndiyo maana mnazikandamiza," Vitus alisema akivuta kiti. "Kanuni zenu zikiachwa dakika moja zinahama."

Mzee Fidelis hakucheka. Alikuwa mtu mrefu, msafi, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Alimsogezea fomu. "Saini, Vitus. Saa kumi na mbili jioni matokeo yanatangazwa. Ikipita saa hiyo bila pingamizi lenye ushahidi, yamefungwa."

"Nisaini kwamba binti kavaa mchanga?"

"Kwamba ulimpima asubuhi mia themanini na nane na mchana mia sabini na tisa. Si ndivyo?"

"Ndivyo nilivyosoma. Sisaini."

"Usiposaini, msimu ujao tunatafuta mkaguzi mwingine."

"Mwenyekiti, mimi nimeshafukuzwa kazi na wakubwa kuliko wewe. Nimefukuzwa na ng'ombe. Mara moja nimefukuzwa na nyuki, na wale hawakuniachia hata barua." Aliirudisha fomu. "Una swali jingine?"

Mwanasha aliinamisha kichwa kwenye daftari lake kuficha meno. Lukelo alikuwa ameketi kwenye kiti cha mwisho, ovaroli imefunguliwa mpaka kiunoni, anakunywa soda. Alikuwa kijana mwenye mabega ya kubeba magunia, na jina la ghala la Marcelino lilikuwa limeandikwa kifuani kwenye fulana yake. Marcelino ndiye aliyemnunulia matairi msimu mzima.

Vitus alivuta daftari la Mwanasha ili tu mikono ipate kazi. Mistari mitatu ya juu ilikuwa na washindi watatu, uzito wa asubuhi na uzito wa baada ya mbio. Akili yake ilikuwa bado imekaa ghalani na binti anayeiva, lakini mdomo wake, kama kawaida, ulianza safari peke yake.

"Lukelo, asubuhi kilo mia tisini na tisa, mchana mia tisini. Umekonda, mdogo wangu. Iringa wamekunyima ugali?"

"Jasho hilo, anko. Yule dada alinikimbiza."

"Na Jeremia aliyekuwa wa tatu, mia mbili na sita, mchana mia tisini na sita na nusu. Naye kakimbizwa. Kwa hiyo wote mmekon..."

Vitus alirudisha kidole juu ya ukurasa na kukishusha tena taratibu. Nyamizi tisa. Lukelo tisa. Jeremia tisa na nusu. Dakika hamsini za mbio zinakula lita mbili za petroli na jasho kidogo, kilo mbili kwa ukarimu mkubwa. Kilo saba zilizobaki zilikuwa zimewatoka watu watatu kwa usawa kama kodi ya kichwa, na yeye mkaguzi alikuwa ametazama kila namba kuona kama imevuka mstari, basi. Lukelo na Jeremia walikuwa wazito, walivuka. Hakuna aliyeuliza walivyopungua.

"Mjinga ni mimi," alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja saa.

"Unasemaje?" aliuliza Mzee Fidelis.

"Nasema naenda kumtazama mgonjwa. Mwanasha, njoo na daftari."

Saa tisa na nusu, Marcelino aliwakuta wawili hao wamesimama mbele ya mizani yake na Nyamizi bado ameketi juu yake. Marcelino alikuwa mfupi mwenye tumbo la heshima na unga wa pumba kwenye nyusi.

"Mizani yangu haina ugonjwa," alisema kabla hajaulizwa. "Imekaguliwa mwezi wa sita. Stika hiyo hapo."

"Haya. Tuione. Mwanangu, sogea hatua mbili."

"Mbili tu," alisema Nyamizi, akasimama pembeni, mkono mmoja kwenye nguzo ya mizani.

Vitus aliweka vipande saba vya risasi. Ishirini na moja kamili. Akapanda mwenyewe. Sabini na moja, sawasawa na hospitali alikopimwa wiki mbili nyuma. Marcelino alikunja mikono, na ndani ya helmeti Nyamizi alishusha pumzi ndefu iliyotia ukungu kwenye kioo.

"Nilikwambia," alisema Marcelino. "Binti yako ni mjanja tu."

"Ngoja kwanza. Mimi na risasi tumepimwa bila jiwe."

Mizani ilikuwa ya kizamani, ya chuma, ya mkono. Mzigo usiofika kilo mia unapimwa kwa kusogeza kipimo kwenye mkono ulioandikwa namba. Ukizidi mia, unaning'iniza mwishoni mwa mkono kisahani cha chuma kilichoandikwa 100, ambacho watu wa mpunga wanakiita jiwe, halafu unahesabu kilo zilizobaki kwenye mkono. Vitus alichagua magunia mawili. La kwanza peke yake, bila jiwe, lilikuwa na kilo themanini. La pili sabini na tano.

"Ukiyaweka yote ni ngapi, Mwanasha?"

"Mia na hamsini na tano."

Walisaidiana kuyapandisha. Vitus alining'iniza jiwe, akasogeza kipimo, akarudi nyuma ili Mwanasha asome mwenyewe.

"Mia na arobaini na nane," alisema Mwanasha. Akasoma tena. "Kaka Vitus, zimepungua saba."

"Andika, na saa uandike."

Mwanasha aliandika: saa tisa na dakika arobaini na tatu.

Marcelino alikuwa ameshaliondoa jiwe kwenye ndoano na kuligeuzageuza. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi ya pumba. "Hili si langu."

"Kila mwenye ghala husema hivyo."

"Vitus, nisikilize. Langu lina pengo. Liliangukia reli ya mlango mwaka juzi likamegeka ukingoni, wakaguzi wakalipima wakasema bado liko ndani ya kipimo. Hili ni duara zima. Tazama."

"Na umelipata wapi zima?"

"Sijalipata. Limeletwa." Marcelino alipunguza sauti. "Nitakwambia kitu ambacho kila mkulima wa bonde hili anakijua na kila mnunuzi anakikana. Zamani wanunuzi walikuwa na mawe mawili, yote yameandikwa mia. Moja la kununulia kwa mkulima, moja la kuuzia mjini. Mimi langu la kununulia nililitupa mtoni mwaka waliponishika. Sikutupa kwa uchamungu, nilitupa kwa faini. Lakini nililitupa."

"Na Lukelo anavaa jina lako kifuani."

"Ndiyo. Na akishinda nauza mchele mara mbili. Sasa fikiri: ningetumia mizani yangu, ghala langu, kumwibia mpinzani wa kijana wangu? Hata mwizi wa kuku hali kuku mlangoni kwake."

Mtu anayekiri faini bila kuulizwa ama ni mkweli sana ama ni mwongo wa kiwango cha juu, na Marcelino hakuwahi kuwa wa kiwango cha juu kwa lolote. Hata hivyo Vitus hakumfuta kwenye orodha ya washukiwa. Alilichukua jiwe lile zima, akalifunga kwenye kitambaa mbele ya Mwanasha na kumkabidhi.

"Kwa nini mwizi hakulirudisha la kwanza?" aliuliza Mwanasha. "Mimi ningebadili mapema, nikapima, nikarudisha. Nani angejua?"

Vitus alielekeza kidevu kwa Nyamizi, aliyekuwa amesharudi kukaa katikati ya sahani, mgongo wima.

"Angelirudisha vipi? Tangu saa nane na dakika tano juu ya mizani kuna mtu."

"Nimeshawaambia sitoki," alisema Nyamizi. Sauti ilikuwa imekauka.

Hapo ndipo Vitus alipopiga hesabu nyingine, na hii haikumpendeza. Uzito wa kweli wa Nyamizi baada ya mbio ulikuwa mia sabini na tisa kujumlisha saba, yaani mia themanini na sita. Kilo moja tu juu ya mstari. Na hapa ghalani, chini ya bati, ndani ya ngozi nyeusi, alikuwa anajikamua tone kwa tone. Kila nusu saa ambayo Vitus angeitumia kutafuta mwizi, binti angekuwa anaipungukia kanuni kweli.

"Vua hata glovu."

"Nikivua glovu, glovu zina gramu. Anko, nenda katafute. Mimi nina kazi yangu hapa."

Nje, Vitus alimbana Mwanasha kwenye kivuli cha gari la maji.

"Baada ya kupima asubuhi, ghala lilifungwa saa ngapi?"

"Saa nne na nusu. Kwa kufuli. Nilifunga mimi."

"Na likafunguliwa?"

"Saa nane kasoro, mimi huyohuyo."

"Ufunguo?"

"Mezani, hemani."

"Nani alikuwa hemani saa saba mbio zilipoanza?"

"Hakuna aliyekuwepo, labda. Mimi nilikuwa kwenye mstari nahesabu mizunguko. Wewe ulikuwa kwenye kona. Marcelino aliangusha bendera ya kuanzia, akakaa nayo palepale akisubiri ya kumalizia, watu wanampiga picha. Lukelo alikuwa juu ya pikipiki."

"Na mwenyekiti?"

"Aliniambia anakwenda kona ya juu. Sikumwona, lakini nani anamtazama mtu wakati pikipiki zinapita?"

Walizunguka wakiuliza watu wa kona ya juu, na hakuna aliyekuwa amemwona mwenyekiti. Saa kumi na moja na dakika kumi Vitus aliingia hemani akifuatwa na Mwanasha, Marcelino wamemwacha nje ya mlango. Lukelo alikuwapo. Mzee Fidelis alikuwa anaandika hotuba ya kukabidhi kombe.

"Umeamua kusaini?"

"Karibu. Nina swali dogo la kunisaidia, maana mimi kichwa changu kilipigwa lami. Mwenyekiti, wewe mizani unaijua?"

"Mimi mtu wa injini. Nimekua na spana. Mizani sijawahi kuigusa, na ghalani sikuingia, unajua kifua changu."

"Pole. Basi niseme tu, tumegundua mtu amebadili jiwe la mizani. Lukelo, wewe unasemaje, alifanyaje kupunguza kilo?"

Lukelo alikuna shingo. "Si aliweka jiwe jepesi? Jiwe jepesi, kilo chache."

"Mwanasha?"

"Na mimi nilifikiri hivyo, jepesi."

"Wote mnapoteza muda," alikatiza Mzee Fidelis. Alikuwa ameweka kalamu chini. "Mwenye mizani yuko wapi? Mkamateni Marcelino. Mdhamini wa Lukelo huyo. Jiwe zito la kununulia, nani analo zaidi ya mnunuzi wa mpunga?"



"Zito," alisema Vitus.

"Ndiyo, zito. Nimesema nini?"

"Umesema kweli, ndiyo shida yake. Jiwe zito linavuta mkono chini, kwa hiyo linahitaji mzigo mkubwa zaidi kulinyanyua, na mwenye mzigo anahesabiwa pungufu. Mimi nimepima magunia ndipo nikaelewa, na nilipata maumivu ya kichwa. Lukelo kakosea. Mwanasha kakosea, na amesoma. Kila mtu asiyejua mizani husema jepesi. Mwizi mgeni wa mizani angeleta jiwe jepesi, na Nyamizi angepata kilo za bure. Huyu alileta zito. Na jina la kununulia mimi sijalitamka humu ndani."

"Nilisikia watu wakisema."

"Wapi? Ghalani hukuingia." Vitus aligeuka mlangoni. "Marcelino, pita."

Marcelino aliinama kuingia. Alimtazama mwenyekiti kwa mara ya kwanza siku hiyo, akakunja macho, halafu akasahau kufunga mdomo.

"Fidelis? Fidelis wa Mngeta?"

Mzee Fidelis aliangalia karatasi zake.

"Huyu tulinunua naye mpunga," Marcelino alimwambia Vitus. "Kabla hajahamia Morogoro. Alikuwa hana kitambi, mimi pia sikuwa nacho. Kumbe vumbi lililomshika kifua ni mimi?"

"Kununua mpunga si kosa," alisema Mzee Fidelis.

"Si kosa kabisa," alisema Vitus. "Basi hebu uinue kile kilichokandamiza kanuni zako, ukigeuze."

Mwenyekiti hakukigusa. Aliyekigusa ni Lukelo, aliyekuwa karibu zaidi. Alikiinua, karatasi zikaanza kuruka, akakigeuza kwenye mwanga. Upande wa chini palikuwa pameandikwa 100.

"Pengo langu," alisema Marcelino.

"Alingoja tuondoke ghalani atoe lile zito, alirudishe hili," Vitus alisema. "Nyamizi akamkalia. Hakuwa na pa kulificha kwenye shati lililopigwa pasi namna ile, akaliweka mezani. Kitu kilichowekwa mezani kwa mwenyekiti hakiulizwi. Mimi mwenyewe nilikifanyia utani na nikatoka."

Saa ya Mwanasha ilisema kumi na moja na nusu. Vitus hakusubiri mengine. Alichukua jiwe lenye pengo mkononi mwa Lukelo na kwenda ghalani kwa kasi yote ambayo mguu wa chuma ungeruhusu. Watu waliokuwa wanakusanya mpunga waliona mkaguzi anakimbia, na Mwafrika hahitaji kuambiwa mara mbili pakiwa na mtu anakimbia. Walimfuata. Nusu ya Lipangalala ilijaa mlangoni. Mzee Fidelis alikuja pia, maana hakuna aliyempisha njia ya kwenda kwingine.

Nyamizi alisimama akishika nguzo ya mizani. Lukelo alimshika kiwiko.

"Niache," alisema. "Ukinishika wataniongezea uzito wako."

Alisogea pembeni kupisha magunia. Mwanasha alipima jiwe lenye pengo kwa magunia yaleyale kwanza, mbele ya umati: themanini, sabini na tano, pamoja mia na hamsini na tano. Umati ulisoma naye kama darasa la kwanza. Kisha Nyamizi alisukuma pikipiki juu ya sahani mwenyewe, akapanda, akaweka miguu yote miwili juu, na Vitus akasogeza kipimo. Aliipita themanini. Aliikaribia themanini na tano, akakisukuma kwa ncha ya ukucha. Mkono wa mizani ulipanda, ukashuka, ukatafakari.

"Soma wewe, Mwanasha. Mimi leo nimeshasoma vya kutosha."

Mwanasha aliinama. "Mia moja themanini na tano. Na robo."

Kelele iliyotoka pale ilirusha njiwa kwenye bati. Mtu alileta ndoo ya maji na Nyamizi alivua helmeti kwa mara ya kwanza tangu saa saba, akaingiza uso wote ndani, akatoka, akaingiza tena. Vitus alichukua fomu. Alifuta mia sabini na tisa, akaandika namba mpya, akasaini, na chini ya saini akaandika maelezo ya jiwe, saa, na majina ya mashahidi, herufi moja moja.

"Mwenyekiti, sasa nimesaini. Kuna nafasi yako hapa chini ya kueleza."

Mzee Fidelis alikuwa amesimama kando ya magunia. Shati lilikuwa limeanza kushika pumba. Alipoongea hakuongea kama mtu aliyeshikwa, aliongea kama mwalimu aliyechoshwa na darasa.

"Mnanitazama kama mwizi. Mwaka jana mbio za mwisho zilikuwa na watazamaji mia mbili. Bingwa alijulikana mbio mbili kabla, nani aje? Nikapewa kamati, nikaambiwa rudisha ushindani. Nimebadili matangi. Nimebadili matairi. Nimebadili uzito. Leo mji mzima umefunga maduka kwa sababu ya pointi moja. Pointi moja! Nani aliileta? Mimi. Huyu binti kila nikimwekea kitu anakipita. Angechukua taji mwaka huu, na mwakani, na mwaka unaofuata, na nyie mngerudi kuanika mpunga."

"Kwa hiyo jiwe lilikuwa kanuni ya nne," alisema Vitus.

"Jiwe lilikuwa kazi ileile. Nilikuwa nasawazisha."

"Mimi hukuniuliza kama nataka kusawazishwa," alisema Lukelo. Alikuwa anavuta fulana ile yenye maandishi kama inayomwasha. "Nimeendesha msimu mzima nikidhani namkaribia."

"Ulikuwa unamkaribia kwa sababu yangu. Bila mimi usingemwona hata vumbi." Mzee Fidelis alimgeukia Nyamizi, na safari hii sauti yake ilikuwa karibu ya kubembeleza. "Wewe una akili, binti yangu, utanielewa. Sikukuchukia. Mchezo ukiwa na mmoja anayewazidi wote, unakufa. Kazi yangu ilikuwa kuwafanya mlingane."

Nyamizi alijifuta uso kwa mkono wa ovaroli. Maji yalikuwa yanamchuruzika kwenye nywele mpaka kwenye sahani ya mizani, na mkono wa mizani ulikuwa unayahesabu.

"Kama ulitaka tulingane, mzee wangu," alisema, "ungemwambia Lukelo aongeze mwendo."